Ukuta wa Mwenye Nyumba, Moshi wa Mpangaji

Kutoboa bati si kazi ngumu. Bati la geji 30, ambalo limeziba kuta za vyumba vingi vya kupanga jijini Nairobi, lina unene wa robo milimita hivi. Mkasi wa bati hulipasua bila jasho, na asiye na mkasi hulitoboa kwa tindo na nyundo. Kwa hiyo mgeni akiingia chumba cha futi kumi kwa kumi huko Mukuru au Kibera, akaona masizi yameupaka ukuta weusi juu ya mahali pa jiko, kisha akatafuta tundu la kutolea moshi asilione, hufikia upesi uamuzi kwamba wenyeji hawajui. Basi waelimishwe, waletewe jiko bora. Dhana hiyo imeongoza miradi mingi kwa zaidi ya miaka arobaini, nami naona ilikosea mahali pa kuanzia. Tundu halikosekani kwa ujinga, na bei ya bomba si sababu kubwa. Linakosekana kwa kuwa anayepika hana kauli juu ya ukuta, na mwenye kauli hapiki pale.

Kabla ya kulitetea hilo, haki itendeke kwa ufundi wenyewe, maana si kila tundu ni salama. Bati haliungui, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Limepigiliwa kwenye fremu ya mbao, mara nyingi za mbili kwa mbili, na kwa ndani watu hutandaza maboksi, magunia au nailoni kuzuia baridi na umande. Bomba la jiko la kuni linaweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi moto ukikolea. Likigusana na bati, joto hilo husafiri hadi kwenye mbao, na mbao inayookwa siku nenda siku rudi hubadilika pole pole hata ikaja kushika moto kwa joto ambalo ilipokuwa mpya isingelijali. Ndiyo sababu kanuni za moto za Marekani, nchi ambako maghala ya mabati yenye majiko ya kuni ni jambo la kawaida, zinataka bomba la kawaida la chuma likae inchi 18, karibu sentimita 46, mbali na kitu chochote kinachoungua, na pale linapovuka ukuta lipite ndani ya kipande maalumu chenye kinga ya joto. Katika chumba cha mita tatu, sentimita 46 kila upande ni sehemu ya kitanda.

Kuna njia ya kuupunguza umbali huo, na fundi anayejua kazi yake haoni ajabu. Hukata katika bati mraba mpana kuliko bomba, akaondoa mbao iliyo karibu na kuhamishia fremu pembeni. Juu ya mraba hufunga bamba la chuma lenye tundu katikati, na ndani ya tundu huweka kola, yaani bomba fupi pana, ambamo bomba la moshi litapita bila kugusa kuta zake. Nafasi iliyobaki kati ya mabomba mawili huachwa hewa ipite au hujazwa pamba ya madini isiyoungua. Kipande cha kwanza kutoka jikoni hakiwi bati la kuezekea lililokunjwa, kwa sababu zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na huharibika kabla ya kufika huko. Kiwe chuma cheusi. Halafu kuna mvua. Mabati yana mawimbi, na bamba lililonyooka likigandamizwa juu ya mawimbi huacha mapengo mabondeni, ambamo maji ya masika hutiririka moja kwa moja hadi kitandani. Ukingo wa juu wa bamba lazima uingie chini ya bati la juu yake, ukingo wa chini ulale juu ya bati la chini, na mabonde yazibwe. Kila ukingo uliokatwa umepoteza zinki yake, kwa hiyo usipopakwa rangi kutu itaanzia hapo.

Bado hatujaugusa mvuto, na bila mvuto yote hayo ni urembo. Moshi hautoki kwa sababu umeonyeshwa tundu. Hutoka kwa sababu hewa ya moto ndani ya bomba ni nyepesi kuliko ya nje, na kadiri bomba linavyosimama juu ndivyo inavyovutwa kwa nguvu. Bomba linalotoka ukutani na kuishia hapo, kama yalivyo mengi yaliyowekwa kwa haraka, hugeuziwa moshi ndani upepo ukivuma upande huo. Kipande cha mlalo kinapaswa kupanda kuelekea nje walau sentimita mbili kwa kila mita, kisha bomba lisimame wima lipite paa. Kanuni hizo za Marekani hutaka lipite mita 0.9 juu ya mahali linapokutana na paa, na mita 0.6 juu ya chochote kilichomo ndani ya mita tatu. Kupitisha bomba wima katika paa huvuta vizuri zaidi, kwa kuwa halina kona na hukaa na joto. Lakini tundu la paa huvuja, na watu huogopa paa linalovuja kuliko wanavyoogopa moshi. Hofu hiyo siioni kuwa ya kipuuzi. Mvua hulowesha godoro usiku mmoja, na moshi huchukua miaka.

Basi kazi ina mambo yake, lakini hakuna hata moja linalomshinda fundi wa Kamukunji, Nairobi, anayekunja bati na kupiga riveti tangu asubuhi. Ushahidi uko wazi katika shule. Jikoni nyingi za shule nchini Kenya zimejengwa kwa mabati yale yale, juu ya fremu za mbao zile zile, na ndani yake mmejengwa majiko makubwa ya kuni yenye dohani inayotoka nje na kupanda juu ya paa. Vifaa ni vilevile na mafundi ni walewale. Tofauti ni kwamba shule ndiyo inayonunua kuni na kumlipa mpishi, na ukuta pia ni wake. Hasara ya moshi na gharama ya tundu zimo katika daftari moja. Ushahidi mwingine unatoka Kajiado. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la ITDG, linaloitwa sasa Practical Action, lilifanya kazi na akina mama wa Kimaasai kuweka makofia ya moshi ya bati juu ya mafiga, na moshi ndani ya nyumba ulipungua sana. Mara nyingi mradi ule husimuliwa kama habari ya kifaa kizuri. Kinachosahauliwa ni kwamba kwa desturi ya Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke mwenyewe. Aliyekuwa akivuta moshi ndiye aliyeujenga ukuta, na alipotaka kuutoboa hakuwa na wa kumwomba.

Mpangaji wa Nairobi hana bahati hiyo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2004 katika vitongoji duni vya jiji hilo ulikuta kwamba zaidi ya kaya tisa katika kila kumi ni za wapangaji. Mwenye nyumba mara nyingi haishi kwenye ploti. Kodi hukusanywa na keateka, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mali haiguswi. Tena huyo mwenye nyumba kwa kawaida hana hati ya ardhi iliyo chini ya nyumba yake. Anachomiliki ni mabati na mbao, navyo vinaweza kuondolewa wakati wowote, kama ilivyotokea Mukuru kwa Njenga mwishoni mwa 2021, maelfu ya nyumba yalipobomolewa kupisha barabara. Mtu aliyewekeza katika kitu kinachoweza kuanguka kesho hutaka fedha zake zirudi upesi, na dohani haiongezi shilingi kwenye kodi. Mpangaji naye akiamua kutoboa kwa gharama yake, atakapohama ataacha bomba lake pale, au ataling'oa na kudaiwa bati jipya. Hakuna hata mmoja kati yao anayefanya jambo lisilo na akili. Kila mmoja akipiga hesabu yake anapata jibu moja, kwamba tundu si lake.

Ukilitazama jiko la mkaa kwa jicho hili, unaona jambo ambalo sifa zake za kawaida hazilitaji. Jiko la bati lenye kauri ndani, lililoenea Kenya tangu mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya Umoja wa Mataifa kufanya mkutano wake wa nishati mpya Nairobi mwezi Agosti 1981, linasifiwa kwa kupunguza mkaa, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini lilishinda pia kwa kuwa halihitaji ukuta. Lina mkono wa kulibeba. Unaliwasha nje, unangoja moshi uishe, kisha unaliingiza ndani na kupika. Ukihama unahama nalo. Ni jiko la mpangaji kutoka juu hadi chini. Na kwa kuwa liko wazi juu, huwezi kulifungia bomba hata ukipewa ukuta; utahitaji kofia pana juu yake, na kofia hiyo nayo yahitaji tundu. Ule ujanja wa kuliwasha nje huondoa moshi unaoonekana na kuacha gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Kila Juni na Julai, baridi inapobana na milango ikafungwa, watu hufa usingizini pembeni ya jiko lililoingizwa likiwa halina hata uzi wa moshi.

Pingamizi la kwanza ni la gesi. Mbona tuhangaike na dohani wakati mtungi umefika hadi vichochoroni? Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na Kenya nayo inasukuma upande huo. Sina ugomvi na gesi; mwali wake ni safi kuliko wa kuni yoyote hata yenye bomba zuri. Ninachokataa ni kuichukulia kama kitu kinachoondoa jiko la zamani siku kinapoingia. Kodi ya ongezeko la thamani ya gesi nchini Kenya iliwahi kuwa sifuri, ikarudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa tena 2023. Familia inayoishi kwa kibarua cha siku haiwezi kuegemea bei inayocheza hivyo. Inafanya lililo la busara: chai na mayai kwa gesi, githeri na maharagwe kwa mkaa, kwa kuwa maharagwe hutaka saa na mtungi hautaki kuulizwa saa. Maadamu sufuria ya maharagwe ipo, hewa yake itatakiwa kutoka mahali fulani. Hata gesi yenyewe, katika chumba kilichozibwa kwa nailoni, inahitaji hewa iingie na itoke.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba dohani haiui moshi, humpelekea jirani. Mahali ambapo paa hugusana na paa na mlango hutazamana na mlango kwa hatua moja, hili ni kweli. Kuna jaribio moja la kitabibu linalopima jambo hili vizuri kuliko maneno. Katika milima ya Guatemala, kuanzia 2002, kaya zaidi ya mia tano ziligawanywa kwa kura, nusu zikapewa majiko ya kuni yenye dohani. Hewa ya jikoni ilisafika mno: kaboni monoksidi ilishuka kwa karibu asilimia 90. Lakini kiasi kilichowafikia watoto wachanga kilishuka kwa karibu nusu tu. Nimonia kwa jumla haikupungua kiasi cha watafiti kuweza kusema kwa uhakika kwamba ni kwa sababu ya jiko, ila nimonia kali ilipungua kwa takriban theluthi moja. Matokeo hayo yanaweza kusomwa kama kushindwa. Mimi nayasoma kama onyo juu ya kipimo: dohani ya nyumba moja ni nusu ya dawa, kwa kuwa mtoto hulala katika moshi wa mtaa mzima. Bado nusu si haba, hasa kwa ugonjwa unaoua. Na linalofuata kutokana na hesabu hiyo si kuacha kutoboa. Ni kwamba tundu la mpangaji mmoja mmoja halitoshi, mabomba yakusanywe na kupandishwa juu ya paa zote za ploti. Kazi ya namna hiyo mpangaji hawezi kuianza hata akiitamani. Ya mwenye ploti ndiyo inawezekana.

Pingamizi la tatu limewavunja moyo wengi waliokuwa na imani na dohani. Nchini India, katika jimbo lililoitwa wakati huo Orissa, wachumi Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walizifuatilia kwa miaka minne kaya zilizopewa majiko ya udongo yenye dohani. Mwaka wa kwanza moshi uliovutwa na wapishi ulipungua. Baada ya hapo tofauti ikatoweka. Majiko yalipasuka, dohani zikajaa masizi, na watu hawakuyatengeneza. Hili si la kushangaza kwa anayejua bomba. Moshi wa kuni mbichi ukipoa ndani ya bomba huacha masizi na lami nyeusi inayonata, zaidi kwenye kona na kwenye sehemu iliyo nje ambako baridi huugusa chuma. Bomba la inchi nne likipungua kuwa inchi mbili linarudisha moshi ndani, na lami ikishika moto bomba zima huwa tanuri. Lazima kuwe na mlango mdogo wa kusafishia penye kona, na mtu wa kuufungua. Wengi wamehitimisha kutokana na Orissa kwamba maskini hawathamini hewa safi. Mimi naona jiko lile lilitolewa kama zawadi ya chombo, na hakuna aliyeteuliwa kulitunza kama sehemu ya jengo. Choo cha ploti nacho hujaa. Hakuna anayesema kikijaa basi wapangaji hawathamini choo. Mwenye ploti huita wa kunyonya, na asipoita anajua kuna afisa wa afya atakayepiga hodi.

Wengine watasema bibi zetu walipika kwa mafiga bila dohani na wakaishi. Walipika chini ya nyasi au makuti, na paa la namna hiyo hupumua. Moshi hupenya na njiani hufukuza wadudu wanaokula paa. Bati halipumui. Tumebadilisha paa na ukuta tukauacha moto pale pale. Na si kwamba mafiga hayakuwa na gharama: Majid Ezzati na Daniel Kammen, waliopima moshi katika kaya za Laikipia na kuchapisha matokeo mwaka 2001, walikuta maambukizi ya njia ya hewa yanapanda kadiri mtu anavyovuta moshi zaidi, na wanawake wakivuta kuliko wanaume kwa kuwa ndio walio karibu na moto.

Ninapendekeza basi suala hili lihame kutoka mikononi mwa wagawaji wa majiko liende kwa wanaoruhusu nyumba kupangishwa. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, imeshatambua nyumba isiyopitisha hewa kuwa kero, na inaitaja pia dohani inayomwaga moshi wa kudhuru watu. Inalo jicho la kuona moshi unaotoka kuliko usiotoka. Hakuna kinachozuia mamlaka ya kaunti kudai kwamba chumba kinachopangishwa kwa ajili ya kuishi na kupika kiwe na tundu lenye kola, bomba linalopita paa na mlango wa kusafishia, kama kinavyodaiwa kiwe na choo. Mtu atasema kodi itapanda. Itapanda kidogo, na ni heri ipande kwa bomba kuliko ipande bila sababu kama kawaida yake. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba sharti hilo ligeuke kisingizio cha kubomoa vyumba visivyolitimiza, na wapangaji walale nje kwa jina la hewa safi. Kwa hiyo adhabu iwe ya kumkata mwenye nyumba kodi ya miezi fulani, kamwe isiwe ya kuvunja. Mukuru ilitangazwa eneo maalumu la kupangwa mwaka 2017, na katika mipango iliyofuata watu walijadili maji, majitaka, barabara na shule. Ukuta wa jikoni ungestahili kikao chake.

Unastahili upesi, kwa kuwa mabati yanaondoka. Kule Pipeline, Embakasi, majengo ya mawe ya ghorofa sita, saba na zaidi yamepandishwa, na vyumba vya kupanga hufunguka kwenye korido ya ndani ambayo mwanga wa jua hauifikii vizuri. Mtungi wa gesi umeingia huko kwa wingi, na bado mkaa huwashwa kwenye ngazi na kwenye balkoni za kuanikia nguo. Bati lilikuwa na fadhila moja, kwamba mtu angeweza kulitoboa hata baada ya miaka ishirini. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hawezi kupandisha dohani hata mwenye nyumba akimruhusu na kumlipia, kwa sababu ni lazima ipite katikati ya vyumba vya watu wanne walio juu yake. Ama aliyechora ramani aliiweka kabla ya jiwe la kwanza, ama jengo hilo litaishi bila dohani mpaka siku litakapobomolewa.